Wati 600 Ambazo Hazikufika

Katikati ya mwaka 2022, mfuatiliaji wa habari za kompyuta hakuwa na pa kuzikimbia wati 600. Kadi ya grafiki ya Nvidia iitwayo RTX 4090, kipande cha kompyuta kinachochora picha za michezo, ilikuwa haijatangazwa, lakini watu walishaanza kubishana kama itahitaji soketi yake peke yake ukutani. Wengine walizidi kupandisha dau hadi 800, hadi 900, kwa toleo la juu zaidi ambalo mpaka leo halijawahi kuuzwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliotishika. Nilinunua pawa saplai, kile kifaa cha kuigawia kompyuta umeme, ya wati 1200, nikaibeba kifuani kama mtoto mchanga, nikaiweka kabatini isubiri.

Tarehe 20 Septemba Nvidia ikatangaza: wati 450, dola 1,599, kuanza kuuzwa tarehe 12 Oktoba.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwenye kadi za grafiki methali hii ina ukweli wa kuudhi, maana wati 600 zilikuwepo kweli. Kiunganishi kipya cha umeme kilichokuja na kadi ile kimekadiriwa kubeba wati 600. Baadhi ya kadi zilimruhusu mwenye nayo kupandisha kikomo hadi hapo. Na vipoza joto vyake vilikuwa minofu mitupu, vinene kuliko kazi ya wati 450 inavyodai. Aliyevujisha habari huenda aliona karatasi halisi yenye namba halisi. Sisi ndio tuliosoma kikomo tukadhani ni matumizi.

Tangu hapo nimekuwa nikizisoma tetesi za kadi mpya kwa namna nyingine. Kawaida hutufikia zikiwa zimefungwa kifurushi kimoja: itakula umeme kiasi hiki, itatoka mwezi fulani, itauzwa bei fulani. Tunakiamini kifurushi chote au tunakitupa chote. Ilhali mambo hayo matatu hayaamuliwi siku moja, wala hayaamuliwi na watu wale wale. Umeme hupangiwa kikomo mapema, miezi mingi kabla, na wahandisi. Tarehe hukaa katikati, mikononi mwa watu wa viwanda na usafirishaji, kisha wauzaji huivuta huku na huko. Bei huja mwisho kabisa, na hata ikishatamkwa hadharani bado inaweza kubadilishwa. Kwa hiyo tetesi ya miezi sita kabla inaweza kuwa dhahabu kwenye wati na makapi kwenye bei, ndani ya sentensi moja, kutoka kwa mtu mmoja.

Mshale wa wati

Nianze na umeme, kwa kuwa ndio ulionitia hasara.

Chipu ya grafiki ni mabilioni ya swichi ndogo zinazoitwa transista. Kila swichi inapofunguka na kufunga humeza chembe ya nishati. Jumla ya ulaji huo inategemea swichi ngapi zinafanya kazi, zinapigishwa mara ngapi kwa sekunde, na zinasukumwa kwa volti kiasi gani. Volti ndiyo yenye jeuri, kwa sababu athari yake huenda kwa mraba: ipandishe asilimia 10 na ulaji wa umeme unapanda kama asilimia 21, hata kabla hujagusa kasi. Tatizo ni kwamba kasi na volti ni pete na kidole. Ukitaka mapigo zaidi lazima usukume volti zaidi. Vipandishe vyote viwili kwa asilimia 10 na umeshaongeza ulaji kwa theluthi nzima, ili upate mchezo ulio laini kwa asilimia isiyofika hata 10.

Maana yake ni kwamba wati za kadi hazifanani na urefu wa mtu, kwamba ndivyo alivyozaliwa. Ni mahali ambapo mtengenezaji ameamua kuuacha mshale. Chipu ile ile inaweza kufungiwa kwenye kompyuta ya mapajani ikaishi kwa wati 150, au ikafunguliwa mezani ikala mara mbili yake. Wenye RTX 4090 waligundua hili haraka: wakishusha kikomo cha umeme kwa zaidi ya robo, kasi inayopotea ni kidogo mno kiasi kwamba wengi hawaioni. Mshale ulikuwa umeachwa kwenye sehemu ya mteremko ambapo kila fremu (picha moja ya mchezo) ya ziada inalipiwa kwa ulanguzi.

Na mshale huo unaweza kusogezwa saa za lala salama. Januari 2020, siku chache kabla ya kadi ya RX 5600 XT kuuzwa, AMD, mshindani wa Nvidia, iliwatumia wabia wake wanaotengeneza kadi kwa chipu zake BIOS mpya, yaani programu ndogo inayoiongoza kadi, iliyopandisha kasi na kikomo cha umeme, kwa sababu Nvidia ilikuwa imeshusha bei ya RTX 2060 hadi dola 299. Kadi zilikuwa tayari ndani ya maboksi. Kuna walionunua kadi mpya kabisa na kazi ya kwanza ikawa kuibadilishia BIOS.

Sasa, kama mshale unasogezwa hivyo, kwa nini tetesi za wati huja mapema na mara nyingi hazikosei sana? Kwa sababu ya kipoza joto. Anayetengeneza lile furushi la bamba la shaba, mirija, mapezi ya alumini na feni tatu hawezi kusubiri siku ya uzinduzi. Anahitaji kuchonga vifaa vya kiwandani, kuagiza feni, kujaribu. Hivyo mwenye chipu humpa mapema namba ya tahadhari: jenga kinachoweza kuhimili kiasi hiki. Namba hiyo ndiyo inayovuja. Ni ya kweli, ila ni dari, na dari si lazima kichwa kiiguse.

Kinachosaidia kujua kama kichwa kitaigusa ni kuangalia kiwanda. Kizazi cha RTX 30, kilichoitangulia 4090, kilichapwa na Samsung kwa teknolojia yake ya nanomita 8. Kizazi cha RTX 40 kilihamia TSMC, kampuni ya Taiwan inayochapa chipu, kwenye mchakato uitwao 4N. Chipu kubwa ya zamani, GA102, ilikuwa na transista bilioni 28.3 katika milimita mraba 628. Mrithi wake, AD102, ana bilioni 76.3 katika milimita mraba 608. Transista zaidi ya mara mbili na nusu, kwenye kipande kidogo kuliko cha awali. Ukiruka ngazi kubwa namna hiyo unapata kasi nyingi bila kupiga mjeledi wa volti, na ndiyo maana 450 zilitosha.

Linganisha na RTX 5090. Tetesi zake pia zilizungumzia wati 600, kisha zikatulia kwenye 575, na wengi tuliojeruhiwa mwaka 2022 tukatabasamu kwa dharau. Januari 2025 ikatangazwa kwa wati 575. Safari hii hapakuwa na ngazi ya kuruka: chipu yake ilibaki kwenye familia ile ile ya 4N, ikaongezwa ukubwa hadi milimita mraba 750, na kumbukumbu ikapanda hadi gigabaiti 32 kwenye njia ya biti 512. Ukiwa na transista za aina ile ile na ukazihitaji zaidi, utazilipia kwa umeme. Tetesi mbili zilizofanana kama mapacha, moja ikaanguka na moja ikasimama, na tofauti ilikuwa jambo lililojulikana hadharani: mchakato wa kiwanda. Ukiniuliza kitu kimoja cha kuangalia kabla ya kuamini wati za kadi ijayo, ni hicho.

Kuna ushahidi mwingine wa bei rahisi: picha. Tuseme imevuja picha ya ubao wa kadi ukiwa mtupu, bila kipoza joto, mwanga hafifu, mtu amefuta namba za siri kwa rangi nyekundu. Usihangaike na chipu ya katikati. Tazama ukingoni, pale waya za umeme zinapochomekwa. Nafasi ya mazabodi, ubao mkuu ambamo kadi huchomekwa, hutoa hadi wati 75. Tundu la pini 8 limekadiriwa wati 150, la pini 6 wati 75. Ukiona matundu mawili ya pini 8, hesabu imekwisha: 75 na 150 na 150, jumla 375. Kadi ya kawaida iliyojengwa kwa kufuata vipimo haitavuka hapo. RX 7900 XTX ya AMD yenyewe ilikuja na matundu mawili ya pini 8 na ulaji wa wati 355, ndani ya mstari kabisa.

Kiunganishi kipya cha pini 12 kubwa na 4 ndogo kimeharibu utamu wa hesabu hii. Mbili kati ya zile pini 4 ndogo ndizo zinazoiambia kadi waya unaruhusu kiasi gani: 150, 300, 450 au 600. Kwa macho vyote vinafanana. Kwa hiyo picha yenye kiunganishi hicho haithibitishi wati 600 hata kidogo, ingawa kila ikivuja utaona mtu anaandika hivyo.

Halafu kuna mkanganyiko wa namba yenyewe kuhesabu nini. Nvidia hutaja umeme wa kadi nzima. AMD nayo hutaja wa kadi nzima siku ya uzinduzi, lakini kwenye kizazi cha RX 6000 programu ya kupima ilikuwa inasoma chipu na kumbukumbu tu, bila kuhesabu feni na hasara ya vifaa vya kugeuza volti. Mtu akipiga picha skrini yake yenye wati 250 na kuivujisha, kadi hiyo ukutani inaweza kuwa inavuta karibu 300. Hajadanganya, na wewe ukinunua pawa saplai kwa namba yake utajuta.

Jambo la mwisho kwenye umeme nalitaja haraka: kilele cha kufumba na kufumbua si wastani. Kadi kubwa zinaruka juu ya kikomo chake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na zile za mwaka 2020 zilizima kompyuta za watu wengi kwa mtindo huo. Ndiyo maana kiwango cha ATX 3.0 kilichotolewa mwaka 2022 kinataka pawa saplai ihimili hadi mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Mvujishaji anayetaja kilele anaweza kukutisha kwa namba ambayo hutaiona kwenye bili ya umeme.

Tayari si sokoni

Tarehe inahitaji subira ya aina nyingine, kwa sababu kadi huacha nyayo kila inapopita.

Muundo wa chipu ukikabidhiwa kiwandani, hadi kadi ifike dukani ni kama mwaka, wakati mwingine zaidi. Sahani ya silikoni, ile ambayo chipu hukatwa kutoka kwake, peke yake hukaa kiwandani miezi mitatu hivi ikipitishwa hatua kwa hatua. Zikirudi chipu za kwanza, zinapimwa, zinasahihishwa, ndipo uzalishaji wa wingi unaanza, na nao una miezi yake mitatu. Hii ndiyo siri ya uhaba wa siku ya kwanza: idadi itakayokuwepo iliamuliwa msimu mzima uliopita, na hakuna kelele za wanunuzi zinazoweza kuiongeza wiki hiyo.

Nyayo zenyewe zina mpangilio. Mapema kabisa huonekana viraka, yaani vipande vya msimbo vinavyoongezwa, kwenye programu huria. Wahandisi wa AMD walianza kuingiza alama kama gfx1200 na gfx1201 kwenye LLVM, programu huria ya kutafsiri msimbo, muda mrefu kabla RX 9070 haijapata jina, kwa sababu Linux haiwezi kuendesha kadi isiyoifahamu. Baadaye huja kumbukumbu za forodha: bodi za majaribio zinasafirishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, na mtu fulani anazisoma. Kisha usajili, mathalani ule wa Tume ya Uchumi ya Eurasia, ambako wabia huandikisha majina ya bidhaa. Mwisho kabisa, matokeo ya vipimo vya kasi yanaonekana kwenye hazina za mtandaoni kwa sababu mhakiki au mfanyakazi alisahau kuzima intaneti.

Kila unyayo una thamani yake. Kiraka cha Linux kinakuambia chipu ipo na hakikuambii mwezi. Usajili wa Eurasia ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani, kwani wabia huandikisha rundo la majina kwa kubahatisha, hata ya kadi ambazo hazitazaliwa, ili wasije wakakwama baadaye. Kumbukumbu za forodha nazipenda zaidi, kwa sababu hakuna anayelipia ndege kwa ajili ya kudanganya mashabiki.

Lakini hata ukizisoma nyayo vizuri, unajua tu kwamba kadi iko tayari. Sokoni ni habari nyingine. Mfano mzuri ni RX 9070 XT. Januari 2025 maboksi yake yalikuwa yameshafika kwenye maghala ya wauzaji, watu wanayapiga picha. AMD iliigusia kadi hiyo kwenye maonyesho ya CES Las Vegas, ikaiacha nje ya hotuba yake kuu, kisha ikanyamaza. Ilisema inataka muda zaidi wa kunoa programu. Uzinduzi ukawa tarehe 28 Februari, na mauzo tarehe 6 Machi, siku moja baada ya RTX 5070 ya Nvidia. Hakuna kiraka wala karatasi ya forodha ambayo ingekueleza hilo. Waliokuwa wametabiri Januari walikuwa sahihi kuhusu maboksi.

Ukitaka makadirio bila mvujishaji yeyote, angalia mwendo. Kizazi cha RTX 20 kilianza Septemba 2018, RTX 30 Septemba 2020, RTX 40 Oktoba 2022, RTX 50 Januari 2025. Miaka miwili, miwili na mwezi, miwili na miezi mitatu: pengo linatanuka kidogo kidogo. Majukwaa nayo yanajulikana, CES mwanzoni mwa Januari na Computex kule Taipei kati ya mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni. Tetesi inayosema kadi itatangazwa Computex haihitaji chanzo cha siri, mimi naweza kuiandika leo nikiwa nimelala. Na kumbuka kuuliza tarehe ipi. Ya kutangazwa, ya wahakiki kuruhusiwa kuchapisha, ya mauzo kuanza, au ya siku ambayo utaikuta kweli kwenye rafu? RTX 5090 ilianza kuuzwa tarehe 30 Januari 2025 na ikaisha papo hapo. Kwa watu wengi tarehe ya kweli ya kadi ile ilikuja miezi mingi baadaye.

Bei haivuji, inabahatishwa

Hapa ndipo ninapokuwa mkali.

Septemba 2022 kampuni ya EVGA, iliyokuwa mbia mkubwa wa Nvidia huko Marekani Kaskazini, ilitangaza kuacha kabisa kutengeneza kadi za grafiki. Miongoni mwa malalamiko ambayo mkuu wake, Andrew Han, aliyatoa ni kwamba bei rasmi walikuwa wanaijua pale inapotamkwa hadharani, wakati mmoja na sisi wengine. Litafakari hilo. Hawa ni watu walioshatengeneza kadi, wameshazipakia, wanajua zimewagharimu kiasi gani, na bado bei ya kuuzia hawaijui. Kisha mtu asiye na jina, miezi minane kabla, anakuambia itakuwa dola 899.

Hata ikishatamkwa haijaganda. Juni 2019 AMD ilitangaza RX 5700 XT kwa dola 449. Nvidia ikajibu kwa kadi za Super, matoleo ya kadi zake yaliyoongezwa nguvu, na siku mbili kabla ya mauzo ya tarehe 7 Julai, AMD ikashusha hadi 399. Mwaka 2023 RX 7600 ilipita njia hiyo hiyo, wahakiki wameshaandika makala zao wakikisia dola 299, ikashuka hadi 269 dakika za mwisho. Kisa cha ajabu kuliko vyote ni RTX 4080 ya gigabaiti 12. Ilitangazwa rasmi Septemba 2022 kwa dola 899, watu wakapiga kelele kwamba jina halilingani na chipu iliyomo, na mwezi uliofuata Nvidia ikaiondoa. Januari 2023 ikarudi ikiitwa RTX 4070 Ti, dola 799. Kama tangazo la kampuni yenyewe linaweza kuyeyuka hivyo, tetesi ina uzito gani?

Hii haimaanishi bei haina mantiki. Ina sakafu, na sakafu unaweza kuikokotoa jikoni. Sahani ya silikoni ya milimita 300 ina eneo la kama milimita mraba 70,700. Gawanya kwa 608 za AD102 unapata 116, lakini chipu ni mstatili na sahani ni duara, hivyo pembezoni unapoteza. Zinazobaki ni kama 90, kabla hujatoa zenye kasoro. Kwa chipu ya milimita mraba 750 unashuka hadi 70 hivi. Kwa hiyo kila kampuni inapoikuza chipu badala ya kuhamia teknolojia mpya, sakafu ya bei inapanda, na hilo unalijua mara tu ukubwa wa chipu unapovuja.

Kilichobadilika miaka ya karibuni ni kwamba sakafu hiyo inapimwa pia kwa kile kingeuzwa badala yake. Sahani ile ile, nafasi ile ile ya kiwanda, inaweza kutoa chipu za vituo vya data vya akili mnemba, ambazo wanunuzi wake hawaulizi bei kama mimi na wewe. Mcheza gemu anashindana kwenye mnada ambao hajui kama yumo.

Kumbukumbu imekuja kuongeza chumvi kwenye kidonda. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za chipu za kumbukumbu zilipaa kwa sababu ya mahitaji hayo hayo, na Desemba Micron ikatangaza kuachana na biashara yake ya Crucial iliyokuwa ikiwauzia watu wa kawaida. Kadi ya grafiki haiwezi kukwepa hilo. Kila tetesi ya bei iliyoandikwa kabla ya upandaji ule, hata kama ilitoka kwenye mdomo wa mtu wa ndani kabisa, ilipitwa na wakati bila mtu yeyote kuifuta.

Kuna bei ambazo huonekana ushahidi na si kitu. Duka la mtandaoni linaweka kadi isiyotangazwa kwa dola 1,299, picha zinasambaa. Mara nyingi ni mtu wa stoo aliyejaza namba ili mfumo umruhusu kuhifadhi ukurasa. Na ukilinganisha bei za nchi tofauti, kumbuka bei ya Marekani hutajwa bila kodi ya mauzo, ya Ulaya hutajwa kodi ikiwa ndani. Nimeona mabishano ya kurasa tano yaliyokuwa, ukiyamenya, ni VAT tu.

Sitaki kumalizia sehemu hii bila kutaja uwezekano mmoja ambao siwezi kuuthibitisha kwa kisa chochote, ila mantiki yake inanikaa: namba kubwa ya bei ikivuja, kampuni haipati hasara. Watu wakizoea kusikia 2,500, siku ikitangazwa 1,999 wanashukuru. RTX 5090 ilitangazwa kwa dola hizo 1,999, ikiwa dola 400 juu ya iliyotangulia, na nakumbuka wengi waliipokea kwa kushusha pumzi.

Tetesi moja, vipande vitatu

Tuifanyie mazoezi tetesi iliyozunguka sana: kadi za RTX 50 Super, zenye kumbukumbu zaidi ya zile za kawaida.

RTX 5080 ina njia ya kumbukumbu ya biti 256. Kila chipu ya kumbukumbu huchukua biti 32, hivyo zinakaa chipu 8. Chipu za sasa ni za gigabaiti 2, jumla 16, ndicho kilichomo. Tetesi zinasema Super itakuwa na 24. Je, inawezekana? Chipu za GDDR7, aina ya kumbukumbu ya kadi hizi, za gigabaiti 3 zipo, na 8 mara 3 ni 24. Tena zimeshatumika: RTX 5090 ya kompyuta za mapajani ina njia ya biti 256 na gigabaiti 24, hesabu ile ile, inauzwa. Kwa RTX 5070 yenye biti 192 zinakaa chipu 6, na 6 mara 3 ni 18, namba ile ile inayotajwa kwenye tetesi. Kipande hiki nakikubali bila kuhitaji kumjua aliyekisema. Angesema 20 kwa Super ya 5080, ningefunga ukurasa.

Umeme? Chipu ya grafiki ingebaki ya familia ile ile na kiwanda kile kile, kwa hiyo kasi yoyote ya ziada italipiwa kwa wati. Tetesi zinazosema itapanda juu ya wati 360 za RTX 5080 zinaelekea upande unaoeleweka. Pandisho lenyewe ni mshale, na mshale unasogezwa.

Tarehe imeshaonyesha tabia yake: Januari 2026 CES ilipita bila kadi mpya ya mezani ya GeForce, jina la kadi za michezo za Nvidia. Aliyesema chipu za gigabaiti 3 ndizo zinazoichelewesha kadi ana hoja, kwa sababu chipu hizo hizo zinagombewa na wateja wenye mifuko mirefu. Nvidia yenyewe ilitangaza Septemba 2025 bidhaa ya vituo vya data iitwayo Rubin CPX, yenye gigabaiti 128 za GDDR7. Jiulize kiwanda cha kumbukumbu kitamhudumia nani kwanza.

Na bei, sijaandika namba, na nikikutana na aliyeiandika naruka mstari.

Ile pawa saplai ya wati 1200 bado ninayo. Mwaka uliofuata nilinunua RTX 4070, ambayo inakula wati 200 na ingetosheka na pawa saplai ya 650. Feni ya ile ya 1200 haijawahi kuzunguka. Nilidhani imekufa, nikalifungua boksi nikasoma maelekezo: haizunguki mpaka mzigo uwe mkubwa.